Steringi wa "Nashville" ni gari la matangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyelalamika kwamba filamu ya zamani ya mwongozaji Mmarekani Robert Altman iitwayo Nashville ni ndefu, ina makelele, watu wake wanaongea bila kusubiriana, na kubwa kuliko yote, haina steringi, yaani mhusika mkuu. La urefu namkubalia. Inakaribia dakika 160, na mara ya kwanza mimi mwenyewe niliinuka katikati nikaenda kuchemsha chai. Lakini la steringi hapana. Steringi yupo, tena anatokea hata hujakaa vizuri kitini: mlango wa gereji unapanda, linatoka gari lenye spika juu ya paa, linaingia barabarani likihutubia watu wasiolisikiliza.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana huenda wasomaji wakadhani ni mtaalamu wa sinema. Kwa miaka ishirini na ushee nilikuwa fundi mitambo hapa Moshi. Harusi, mikutano ya injili, maziko ya watu wenye nafasi zao, na kila baada ya miaka mitano, kampeni. Mwaka 1995, uchaguzi ule wa kwanza baada ya kurudishwa vyama vingi, nilipata kazi ya gari la matangazo. Pikapu kuukuu, spika mbili za honi zimefungwa kwa kamba ya katani, amplifaya inayokula betri ya gari, na kaseti moja. Upande mmoja hotuba ya mgombea, upande wa pili kwaya na dansi. Kuanzia saa moja asubuhi tulizunguka Majengo, Pasua, Njoro, tukapanda hadi vijiji vya juu ambako gari lilikuwa likisukumwa na watoto. Nilibeba sauti ya yule bwana majuma sita. Yeye mwenyewe nilimwona mara moja tu, kioo cha gari lake kikiwa kimeteremshwa nusu, akiuliza kwa nini honi ya kushoto inakwaruza. Malipo ya juma la mwisho sijapata mpaka leo, na chama sikitaji.

Kwa hiyo binti yangu aliponiwekea Nashville kwenye kompyuta yake, akijua napenda muziki wa kantri, nikaliona lile gari, nilicheka peke yangu. Mgombea anaitwa Hal Phillip Walker. Anagombea urais wa Marekani kwa chama cha kubuni, Replacement Party, jina linaloahidi kuwang'oa waliopo wakaingia wengine. Filamu nzima, siku tano za hadithi, uso wa Walker hatuuoni. Hata siku ya mwisho msafara wake unapofika uwanjani, magari yanapanga mstari na yeye anabaki ndani. Lakini sauti yake ipo kila mahali: inapita nje ya hoteli, inapenya kwenye maongezi ya watu, inakatizwa na honi za magari mengine. Anataka wanasheria waondolewe bungeni, makanisa yalipe kodi, wimbo wa taifa ubadilishwe. Hotuba zile aliziandika Thomas Hal Phillips, mwandishi wa riwaya kutoka Mississippi, na sauti ni yake pia. Huyu alikuwa amewahi kuendesha kampeni ya ndugu yake ya kugombea ugavana, na inasikika. Maneno ya Walker hayana upuuzi mtupu. Nusu yake yana akili, na ndiyo nusu inayokunasa ukiwa unaosha vyombo huku gari linapita. Ile nusu nyingine inaingia bila kubisha hodi.

Msomaji wa Morogoro anauliza kwa nini aweke wahusika wakuu ishirini na wanne. Nadhani jibu liko kwenye mji wenyewe. Nashville, jimbo la Tennessee, ndiko kantri ilikojengewa nyumba. Sisi tuliolelewa na santuri za Jim Reeves hatukujua kwamba ile sauti laini iliyokuwa ikitoka sebuleni Krismasi ilipikwa studio huko, chini ya watayarishaji kama Chet Atkins, na kwamba Reeves mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege karibu na mji huohuo mwaka 1964. Baba yangu alikuwa na santuri zake tatu, na za Charley Pride mbili, na mpaka anafariki aliamini Jim Reeves alikuwa mchungaji. Huko Nashville kuna onyesho la redio, Grand Ole Opry, lililoanza mwaka 1925 katika kituo cha WSM. Machi 1974 lilihamishwa kutoka ukumbi wake wa zamani wa Ryman kwenda jumba jipya nje ya mji, na siku ya ufunguzi Rais Nixon alikuja, akapanda jukwaani, akapiga piano. Alikuwa tayari kashfa ya Watergate imemfika shingoni. Kiangazi cha mwaka huohuo Altman na watu wake wakawa Nashville wanapiga picha, na Agosti, kazi ikiendelea, Nixon akajiuzulu. Rais aliyezama aliwahi kujishikiza kwenye piano ya kantri. Mtunzi gani angebuni hilo?

Aliyeandika filamu, Joan Tewkesbury, alitumwa kwanza mjini akae tu, atazame, aandike shajara. Ile foleni ya barabara kuu mwanzoni, magari yamegongana, watu wanashuka, wanauziana vinywaji, wanaombana saini, ilitokana na foleni aliyokwama yeye mwenyewe akitoka uwanja wa ndege. Ndiyo maana inaonekana kama foleni na si kama sinema ya foleni. Yeyote aliyewahi kusota Kimara jioni atajua tofauti.

Sasa nije kwenye makelele, maana hapa msomaji mwenzangu amenigusa kidonda cha kazi. Amesema watu wanaongea wote kwa mpigo mpaka hujui umsikilize nani. Ni kweli, na ilifanywa kwa makusudi, kwa kazi ngumu. Filamu nyingi za wakati ule maiki ilining'inizwa juu ya vichwa, mwigizaji mmoja anasema, mwenzake anasubiri. Altman na mrekodi wake, Jim Webb, waliwafunga waigizaji maiki ndogo zisizo na waya, kila moja na njia yake kwenye mashine ya njia nane. Baadaye unakaa na mixa yako unaamua: huyu mpandishe kidogo, yule mshushe, huyu mwache asikike kwa mbali kama jirani nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa na mixa ya njia sita, mbili zimekufa, na nilikuwa nikitoka jasho. Nyimbo nyingi nazo zilirekodiwa zikiimbwa papo hapo mbele ya watu, haikuwa kufumba na kufumbua midomo juu ya kanda. Na waigizaji kadhaa walitunga nyimbo zao wenyewe. Keith Carradine alipata Oscar kwa wake, ule wa kwenye kilabu ambapo wanawake wanne wamekaa na kila mmoja anaamini anaimbiwa yeye. Hiyo ndiyo Oscar pekee filamu ilipata kati ya tano ilizopendekezwa. Mtazame mwigizaji Lily Tomlin amekaa nyuma kabisa, mke wa mtu, mama wa watoto viziwi wawili ambao nyumbani huongea nao kwa mikono. Hafanyi lolote. Anasikiliza tu. Na kamera inamsogelea polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Nicheke kidogo hapa. Kwenye vibanda vya video tulizoea mtafsiri, anayekaa na maiki yake na kutugeuzia Kihindi na Kiingereza kuwa Kiswahili, sauti moja kwa wahusika wote, na utani wake juu. Nashville ingemuua. Angetafsiri nani amwache nani? Na swali la kwanza la watazamaji, steringi ni nani, angelijibu vipi, wakati kila dakika kumi anamfuata mtu mwingine?

Sisemi filamu haina doa. Yule mwanamke wa Uingereza, Opal, anayejidai mtangazaji wa BBC na kuzunguka na kinasa sauti chake akiongea falsafa katikati ya mabasi ya shule, amechekesha mara mbili, mara ya tatu amechosha. Na watu wengi wa muziki wa Nashville wenyewe waliichukia, wakasema nyimbo zile zimetungwa na waigizaji wa California ili kuwadhihaki. Kuna kaukweli. Haven Hamilton, mwimbaji nyota na mzee wa mji, mfupi wa kimo na mrefu wa majivuno, katika suti zake za kumetameta, anafungua filamu akirekodi wimbo wa kuisifu nchi kwa kutimiza miaka mia mbili, na katikati anamgeukia mpiga piano mwenye nywele ndefu na kumwambia akanyoe. Ukimwangalia unaona Altman anamcheka. Lakini subiri mwisho, nitamrudia.

Ambao hawachekwi ni waimbaji wa kike watatu, na hapa ndipo nilipoipendea filamu hii.

Wa kwanza ni Sueleen, mhudumu wa mkahawa wa uwanja wa ndege. Hawezi kuimba. Namaanisha hawezi, sauti inapita kando ya noti kama mlevi anayeukosa mlango. Wapambe wa Walker wanamwita aimbe kwenye karamu ya wanaume ya kuchangisha fedha za kampeni. Anafika na wimbo wake, wao wanataka avue nguo. Wanamwahidi kwamba akivua, ataimba jukwaa moja na Barbara Jean, nyota mkubwa kuliko wote. Anavua, soksi anazitupa, anatoka analia. Rafiki yake Wade anamwambia ukweli usiku huo kwamba hana sauti, waondoke pamoja waende Detroit. Anakataa, kesho anaimba na Barbara Jean. Hakuna anayempa nafasi hiyo. Nimewaona akina Sueleen wengi kwenye misafara, tisheti ya chama, nauli ya kurudi hana, na ahadi ya kurekodiwa Dar es Salaam.

Wa pili ni Barbara Jean mwenyewe, aliyeigizwa na Ronee Blakley. Ametoka hospitali, anasukumwa kurudi kazini na mume ambaye ndiye meneja wake. Kuna onyesho la mchana ambapo anaimba vizuri mpaka unasahau mambo mengine, kisha bendi inaanza wimbo unaofuata, na yeye badala ya kuimba anaanza kusimulia habari za bibi yake. Bendi inasimama. Inaanza tena. Anaongea tena. Inasimama. Ndugu Mhariri, kwa fundi mitambo hakuna tukio la kutisha zaidi kwenye filamu nzima, hata ile bastola ya mwisho haifiki. Unaiona maiki ipo wazi, kila kitu kinasikika mpaka safu ya mwisho, na unatamani ungekuwa na sababu ya kuizima. Watu wanaanza kuzomea. Mume anamshusha, na ili kuwatuliza waliolipa anaahidi onyesho la bure kwenye mkutano wa Walker. Hivyo ndivyo mwimbaji asiye na siasa yoyote anavyojikuta kwenye jukwaa la siasa. Halafu mume huyo anafika uwanjani akakuta bango la mgombea limetundikwa wakati aliambiwa halitakuwepo. Bango lipo siku zote. Kwangu nilikuwa nikiwaambia wanakwaya: akikuahidi hakuna bango, angalia nani ameshika ngazi.

Wa tatu anaitwa Albuquerque. Amemtoroka mumewe, soksi zake zina matundu, anazurura mji mzima akitafuta jukwaa. Katikati ya filamu analipata, kwenye mashindano ya magari. Anasimama, anaimba, na hasikiki hata neno, magari yanazunguka yakinguruma juu yake. Msomaji wa Morogoro pengine aliona tukio hilo halina kazi. Namsihi alirudie akiwa na spika za masikioni. Mdomo unakwenda, mabega yanakwenda, dada wa watu anajituma kabisa, na hakuna aliyempandisha.

Siku ya mkutano, Parthenon. Nashville wana nakala nzima ya hekalu la Wagiriki, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1897 na baadaye kujengwa upya kwa zege, ipo Centennial Park. Bendera kubwa imening'inia. Barbara Jean anaimba wimbo wa nyumbani kwao, na kijana mmoja mpole aliyekuwa akitembea na kasha la fidla filamu nzima analifungua, anatoa bastola, anampiga. Hatuambiwi sababu. Haven Hamilton amejeruhiwa mkono, damu inamtoka, na yule mtu tuliyemcheka kwa saa mbili na nusu ndiye anayebaki amesimama. Anawaambia watu hapa si Dallas, mji alikouawa Rais Kennedy, anataka mtu aimbe, yeyote. Maiki inaishia mikononi mwa Albuquerque. Anaanza kwa kusitasita, kisha kwaya ya injili nyuma yake inampokea, na sasa anasikika. Anaimba vizuri ajabu. Wimbo wenyewe unasema, kwa maneno yangu, watasema siko huru, na mimi sijali. Watu waliokuwa wakipiga kelele za hofu wanaanza kupiga makofi, watoto wanaimba, kamera inapanda mawinguni.

Kuna wanaosema mwisho huo ni tumaini, na wapo wanaosema ni dharau kwa umati wa kondoo. Barua ya Morogoro iliegemea hilo la pili. Mimi siwezi kuegemea popote, na nitaeleza kwa nini, ingawa jambo hili hata mke wangu nilichelewa kumwambia.

Mwaka 2000, uwanja wa shule ya msingi kata moja ya nje ya mji, jukwaa la mbao lilijaa wapambe kupita kiasi na likaporomoka upande wa kulia. Walinzi wakamvuta mgombea, vumbi, mayowe, watu nyuma hawajui ni nini wakaanza kukimbilia mbele, waliokuwa mbele wakaanza kukimbilia nyuma. Dada mmoja wa kwaya alikuwa bado ameshika maiki. Akaanzisha pambio. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye mixa. Maiki nyingine zote nikazishusha, yake nikaipandisha mpaka taa nyekundu. Umati ukaitikia, ukatulia, hakuna aliyekanyagwa. Nilipongezwa. Mzee wa kata alinipa elfu tano mkononi.

Pambio lilikwenda kama dakika kumi. Lilipokwisha ndipo tukasikia chini ya zile mbao mtoto analia, mguu umevunjika juu ya goti. Alikuwa akilia muda wote ule. Sisi tulikuwa tukiimba juu yake, na spika nne, na mimi ndiye niliyezipandisha.

Sasa je, yule dada alifanya vibaya? Nisingempandisha, wangekufa wangapi? Nimelizungusha jambo hili miaka mingi na filamu ya Mmarekani wa mwaka 1975 ndiyo kitu cha kwanza nilichoona kinachojua kwamba mambo hayo mawili yanakuwa kweli kwa wakati mmoja. Wimbo unawaokoa watu, na wimbo huohuo unamfunika Barbara Jean anayebebwa nyuma ya pazia. Altman hakuchagua. Aliacha maiki zote wazi.

Nimeitazama mara tatu sasa. Mara ya tatu sikumtazama Albuquerque wala kwaya. Nilikuwa nikitafuta meza ya mixa, nione nani alimpandisha dada yule sauti mpaka akasikika vile, na uso wake ulikuwaje. Nimerudisha nyuma, nimesimamisha picha, nimemwita binti yangu mwenye macho mazuri. Fundi mitambo wa Parthenon bado hatujamwona.

Wako,
Mzee wa Spika,
Majengo, Moshi.